Jinja na mto Nile: lipia boti, usilipie kibao

Nianze na hukumu kabisa maana najua wengi wenu mtasoma mistari ya kwanza tu afu mpige simu mniulize. Ukienda Jinja kuona chanzo cha Nile ukaishia pale bustanini kwenye kile kibao cha kupigia picha, utarudi Kampala ukilia na nauli yako. Ukichukua boti yenye nahodha anayejua kusimulia, afu kesho yake ukaufuata mto mpaka maporomoko ya Itanda, hapo ndo utaelewa kwa nini watu wanatoka Ulaya kuja kulala kwenye mahema kando ya maji haya. Bustani naipa nyota mbili. Boti nne. Itanda tano na ningekuwa na ya sita ningeitoa.

Tulikuwa watu mchanganyiko: mimi wa Kampala, shangazi yangu amekuja kututembelea kutoka Mombasa, na jirani yangu Mrundi wa Bujumbura ambaye ana maoni juu ya kila kitu, hasa juu ya mto huu, mtaona.

Bustani kwanza tuimalize haraka. Iko upande wa mashariki, upande wa Jinja mjini, unalipa getini na kuna bei ya wenyeji na bei ya wageni kwa hiyo beba kitambulisho usije ukachajiwa kama umeshuka Entebbe jana. Ndani nyasi zimekatwa vizuri, miti mikubwa ya kivuli, vibanda vya vikapu na vinyago, na spika. Spika jamani. Kila banda la vinywaji lina spika yake na kila spika ina wimbo wake, na wewe umekuja kusikiliza mto. Shangazi alisimama mbele ya kibao akakisoma, akageuka akaniambia "mwanangu, ndo hiki tumelipia?" Sikuwa na jibu. Vijana wa kamera watakufuata wakikuambia picha inatoka sasa hivi, na kweli inatoka sasa hivi, ila patana bei kabla hujatabasamu.

Kuna sanamu ya Mahatma Gandhi pale, hiyo usiipite hivi hivi. Sehemu ya majivu yake ililetwa ikamwagwa kwenye Nile hapa mwaka 1948, na sanamu yenyewe ilizinduliwa 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I.K. Gujral. Wahindi wanaokuja pale wanaacha maua. Ni kona pekee ya bustani ambayo watu wanapunguza sauti.

Sasa boti. Za mbao, zina injini na paa la turubai, ziko chini ya ngazi. Bei haijaandikwa mahali, mnaongea, na boti nzima ilitutoka kama laki na kitu hivi za Uganda, sisi tukaona sawa kwa kugawana, lakini ukienda peke yako bei hiyo inauma kwa hiyo subiri wenzako wajae au ungana na familia nyingine, hakuna anayekataa. Laifu jaketi zipo, zimepauka na jua lakini zinafunga. Shangazi ambaye amezaliwa akiona ngalawa alitaka kukataa ya kwake, nahodha akamwambia "mama, hapa si bahari, hapa maji yanavuta", akaivaa bila kusema neno. Kwa hilo peke yake nampa yule kijana nyota moja, maana nimeona boti nyingine hapo hapo wateja wamekalia jaketi kama mito.

Na uliza hili kabla ya kupanda, sio baadaye: wewe ndo utatusimulia au kuna mwingine? Manake kuna boti utaendeshwa tu, unazungushwa kwenye kisiwa cha Samuk, unaonyeshwa ndege, unarudishwa, mtu hajafungua mdomo. Wa kwetu alikuwa mtu wa simulizi. Kiswahili chake kilikuwa cha Busoga kilichochanganyika na Luganda, lakini alitueleza akaeleweka, na alipoona shangazi anafuata vizuri akaacha kabisa Kizungu chake cha watalii. Mnandi wamejaa kwenye matawi mpaka miti imekuwa myeupe kwa mavi yao, yangeyange, furukombe mmoja juu kabisa ya mti anatuangalia kwa dharau, na kenge mkubwa amelala kwenye jiwe hajali mtu.

Afu tukafika pale ambapo ziwa linaishia na mto unaanza. Maji yanabadilika, yanaanza kukimbia na kuchemka chemka kwa chini, na hapo kila nahodha wa Jinja atakuambia kuna chemchemi ardhini zinazochangia mto, na kila nahodha ana asilimia yake. Wetu alisema thelathini. Wa boti ya jirani tulimsikia anataja namba nyingine. Mi nakuambia maji ya mto huu ni ya ziwa Victoria, Nalubaale kwa wenyeji, hizo asilimia zichukue kama chumvi ya hadithi. Wanasema pia tone linalotoka hapa linachukua kama miezi mitatu kufika Misri baharini, safari ya zaidi ya kilomita 6,000, shangazi akashika maji kwa kiganja akayaachia akasema haya nendeni salama.

Hapo ndo Mrundi wetu akaanza. Ati chanzo cha Nile si hapa, kiko kwao Rutovu, na kuna mpaka piramidi wamejenga juu ya chemchemi tangu 1938. Na sio uongo, piramidi ipo, na mto Kagera ndo mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, maji yake yanatoka Burundi na Rwanda, na Wanyarwanda nao wana chemchemi yao msitu wa Nyungwe wanaitangaza. Nahodha akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akazima injini, akamwambia "ssebo, kwenu kuna kijito, kijito kikaja kikaingia ziwa, huku mto umetoka ziwani, sasa nyinyi mlipe boti ya huku." Tukacheka mpaka boti ikayumba. Mrundi alilipa.

Kitu kikubwa zaidi pale hukioni kwa macho, na ndo maana nasisitiza msimuliaji. Chini ya hayo maji kulikuwa na maporomoko. Speke, yule Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, alipofika tarehe 28 Julai 1862 alikuta mto unamwagika juu ya mawe, akayapa jina la bwana mkubwa wa kwao akayaita Ripon. Wenyeji walikuwa nayo siku zote bila kungoja mtu wa kuyapa jina. Afu likajengwa bwawa la Owen Falls kidogo chini ya hapo, Malkia Elizabeth akaja kulifungua 1954, mawe ya Ripon yakachongwa na maji yakapanda yakafunika kila kitu. Kwa hiyo unaposimama kwenye boti ukaona maji yanazunguka bila sababu, sababu iko chini. Lile bwawa sasa linaitwa Nalubaale, lina megawati 180, na pembeni yake waliongeza Kiira. Umeme huo ndo ulioleta viwanda Jinja, vitambaa, bia, shaba, mji ukawa mji.

Ng'ambo ya magharibi, upande wa Njeru, kuna mnara wa Speke. Mwambie nahodha awavushe, msikubali kuonyeshwa kwa kidole tu. Mnara wenyewe ni nguzo tu, na sifa zote kapewa mtu mmoja. Lakini msafara wa Speke ulikuwa umejaa watu wa pwani, wapagazi, wakalimani, askari, na kiongozi wao mmojawapo alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto akapelekwa India, akarudi Zanzibar, akaja kutembea bara hili kuliko wazungu wote waliomlipa. Chama cha kijiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni mwaka 1876. Pale mnarani hayupo. Nilipomweleza shangazi hilo alikaa kwenye ngazi akasema basi watu wetu walifika huku kwa miguu, na mimi nalalamikia kiti cha basi. Wanaosimamia pale wakisoma hii: bango moja tu la Bombay, mtawauzia watu wa Mombasa na Zanzibar tiketi mpaka mchoke.

Mji wa Jinja wenyewe nitausema kwa kifupi, tembea Main Street asubuhi kabla jua halijakolea, angalia juu sio madukani, juu ya paa utaona majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi kwenye nakshi za saruji. Wenyewe walifukuzwa na Amin 1972, wengine walirudi baadaye, nyumba nyingine zimepakwa rangi na nyingine zimebaki zinamenyeka. Jinja imepewa hadhi ya jiji 2020 lakini bado ina mwendo wa mji mdogo, barabara pana, miti, boda wasiokugombania sana. Mrundi alisema angehamia. Anasema hivyo kila mahali.

Sasa tushuke na mto. Hapa ndo roho yangu inapouma kidogo maana mabwawa yameumega mto vipande vipande. Bujagali, ambayo wazee wa safari wanaikumbuka kwa maporomoko yake, ilizama chini ya bwawa lililoanza kazi 2012, megawati 250. Mnaoikumbuka ile ya zamani mnajua vijana walikuwa wanateremka yale maporomoko wamekumbatia jerikani ya njano kwa hela za watalii. Hatari tupu. Lakini kabla ya watalii, Bujagali ilikuwa nyumba ya mzimu, Wasoga wanauita Budhagali, na anayeubeba mzimu huo anabeba na jina lake. Inasimuliwa kwamba mtu akidai mzimu umemchagua alitakiwa akae juu ya gome la mti, lile la kutengenezea nguo, aelee majini asizame. Wakati wa kujenga bwawa kulikuwa na matambiko na mabishano marefu juu ya kama mzimu unaweza kuhamishwa, na ukiuliza leo utapata majibu mawili kwenye meza moja. Leo Bujagali ni ziwa limetulia, kayaki za taratibu, machweo mazuri. Ni pazuri. Mimi huwa napaonea huruma.

Tulichukua pale boti ya machweo, jina la kampuni nakaa nalo, waliahidi vinywaji na vitafunio na utulivu, tukapata soda ya moto, njugu, na DJ. Mwenye mtoto mdogo au mwenye shangazi, uliza kuhusu DJ kabla ya kutuma hela.

Rafti sasa, yaani kuteremka mto wenye maporomoko kwa boti ya mpira, maana najua vijana ndo mnachosubiri. Shangazi alibaki kwenye gari la kubebea mizigo akifuata kwa barabara na dereva, mimi na Mrundi tukavaa helmeti. Mchezo huu ulianza hapa 1996 na umejengewa jina duniani kwa sababu mto una maji mengi sana na ya uvuguvugu, sio kijito cha mawe, ukirushwa majini unaangukia kina kirefu mara nyingi kuliko jiwe. Siku hizi wanaanzia chini ya bwawa la Bujagali, na kiasi cha maji kinategemea bwawa limefungulia kiasi gani siku hiyo, kwa hiyo rafiki yako akikuambia kwake kulikuwa kutulivu na kwako kukawa vita, wote mko sawa. Bwawa la Isimba lililoanza 2019 limezamisha sehemu ya chini ya safari ya zamani, kwa hiyo msitafute ile ya video za zamani, imekuwa fupi.

Kampuni tuliyoenda nayo kwa usalama sina neno baya. Kabla ya kuanza mnafundishwa kwenye maji yaliyotulia, kupiga kasia pamoja, kujikunja chini, kupinduka makusudi na kurudi ndani, na hawakuruhusu mtu kuruka somo hata yule jamaa aliyesema amefanya Zambezi. Kuna kayaki za uokoaji zinazotangulia na moja kubwa ya kubeba vitu. Tulipinduka. Ile sekunde ya chini ya maji huwezi kuielezea, masikio yanajaa, hujui juu ni wapi, afu laifu jaketi inakuvuta na mtu wa kayaki tayari yuko mbele ya uso wako anacheka. Mrundi aliibuka akitukana kwa Kirundi, nahodha wa rafti akamjibu kwa Lusoga, sijui walielewana vipi lakini waliendelea hivyo mpaka chakula cha mchana.

Kinachowaondolea nyota ni upande wa ofisi. Bei ya picha na video haisemwi mpaka umeshalowa na umeshafurahi, hapo unauziwa kwa bei ya furaha yako. Na hakuna aliyetuambia habari ya kichocho, nasema mimi: kichocho kipo Ziwa Victoria na kingo za Nile, hasa pale maji yametulia penye majani na konokono, kwa hiyo jikaushe vizuri, usicheze kwenye maji ya kando bila sababu, na baada ya wiki kadhaa muulize daktari wako kuhusu vipimo na dawa, praziquantel si kitu kigeni kwenye vituo vya afya hapa. Sio sababu ya kuacha kwenda.

Itanda. Hapo rafti zinatolewa majini, mnabeba mnapita nchi kavu, kwa sababu sehemu ya juu hakuna anayepeleka wateja, inahesabiwa daraja la 6, la hatari kuliko yote. Mnarudi majini chini, kwenye wimbi wanaloliita Mahali Pabaya, na jina halidanganyi. Lakini mimi nakuambia hata kama hutaki rafti, njoo Itanda kwa barabara. Ni kaskazini mwa Jinja, lami inaisha, murram, yaani barabara ya udongo, vumbi tupu wakati wa jua na tope wakati wa mvua, mashamba ya miwa na mahindi, watoto wanapunga mkono, afu unasikia. Unausikia mto kabla hujauona. Unalipa kidogo kwa wenyeji wanaotunza eneo, unatembea hatua chache, na mto wote ule uliouona umelala kule mjini hapa umeamka, unajirusha kwenye mawe, mvuke unakulowesha uso ukiwa umesimama mbali. Shangazi hakusema kitu kwa muda, na shangazi ni mtu wa kusema. Afu akaniambia, hapa ndo nilipotaka uniletee tangu Jumamosi.

Kuna sehemu za matambiko pale, mawe na vibanda vidogo, watu wanakuja kuomba, na ukikuta mtu yuko kwenye shughuli yake simu weka mfukoni. Kijana aliyetutembeza alitueleza bila kufanya mzaha na bila kututisha, na aliomba ruhusa ya mzee mmoja kabla ya kutusogeza karibu, hiyo adabu nimeipenda kuliko mabango yote ya bustanini. Vijana wachache wanaogelea na kuruka kwa hela ya watalii, mi naomba msiwalipe, hela hiyo mpeni anayewasimulia. Sababu Itanda na Kalagala, ambayo ni ng'ambo yake upande wa Kayunga, bado zipo ni kwamba serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia zisijengewe umeme, kama fidia ya kuizamisha Bujagali. Yaani unaona kilichobaki kwa makubaliano ya karatasi. Nendeni.

Chakula: ngege, yaani sato, wa kukaanga kule Masese kwenye mwalo ndo bora, unamchagua mwenyewe, unangoja, usiende ukiwa na njaa kali maana hawaharakishi samaki. Shangazi ambaye hali ovyo nje aliuliza mara mbili nani amechinja kuku, kwa samaki akatulia. Mjini rolex za asubuhi, chapati iliyoviringishwa na mayai, ziko kila kona na ni nzuri. Mkahawa wa wazungu kahawa nzuri, bei ya Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala.

Barabara: kutoka Kampala ni kama kilomita 80 lakini usihesabu kwa kilomita, hesabu kwa malori ya miwa ya Lugazi. Ijumaa jioni usijaribu. Wenye gari zao mnaweza kuzungukia Mukono, Kayunga mpaka Njeru, ni ndefu zaidi ila malori ni machache. Mkipita msitu wa Mabira simameni Najjembe mle kuku wa vijiti na gonja, ndizi ya kuchoma, ya moto, fungeni vioo kwanza mchague muuzaji, ukifungua vyote utajikuta na kuku kumi mapajani. Daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, ni zuri sana ukilivuka usiku taa zimewaka, lakini msisimame katikati kupiga picha, askari wako pale na hawana mzaha, shangazi alijaribu kuwasalimia kwa Kiswahili safi akajibiwa kwa Kiswahili safi zaidi na akaambiwa aendelee na safari.

Kwa Itanda bebeni keshi noti ndogo ndogo, mtandao kule unakuja na kwenda na mobail mani ikikwama mtabaki mnatazamana na kijana wa watu. Na mpange na boda au gari la kuwarudisha kabla hamjashuka, sio jioni.